Mwamuzi kakosea, au sheria ndiyo hiyo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wa kriketi

Kila Kombe la Dunia likianza, na kila Uingereza na Australia zikikutana, maswali ni yale yale na hasira ni ile ile. Nimeyajibu hapa kwa mechi zilizochezwa kweli, maana ubishi wa kriketi hauishi kwa maneno matupu. Kabla hujamrushia mwamuzi lawama, tenganisha mambo matatu: mpira ulifanya nini, sheria inasemaje, na je, kilichofanyika ni cha kiungwana? Watu hukesha wakibishana, mmoja anazungumzia la kwanza, mwenzake la tatu, na hakuna anayegundua.

Kwa nini uamuzi mmoja tu unawatia watu wazimu namna hii?

Kwa sababu kwenye kriketi auti ni auti. Mshambuliaji wa soka akipaisha penalti anaendelea kucheza, na huenda akafunga dakika tano baadaye. Mpigaji wa kriketi akiinuliwa kidole na mwamuzi kimakosa, yaani akitolewa, anavua glavu na kurudi kuketi na wenzake, pengine asipige tena siku hiyo. Kama ndiye alikuwa tegemeo la timu, mechi nzima imegeuka.

Halafu fikiria mwamuzi anafanyia kazi muda gani. Kutoka vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji hadi vile vya upande wa mrushaji ni mita 20.12. Mpira wa kilomita 140 kwa saa unafika kwa mpigaji kwa kama nusu sekunde. Ndani ya muda huo mwamuzi anatakiwa aone mpira umetua wapi, umegusa bati au pedi ya kukinga mguu, na ungeelekea wapi.

Je, mwamuzi anaweza kumtoa mpigaji bila kuombwa?

Kwa kawaida hapana. Timu inayorusha lazima iulize, tena kabla mrushaji hajaanza kukimbilia mpira unaofuata. Ndiyo maana unasikia zile kelele za wachezaji wote kwa pamoja. Wakinyamaza, hata kama mpira uliguswa na ukadakwa, mpigaji anaendelea, na hapo mwamuzi hana kosa.

LBW, yaani "mguu mbele ya vijiti", inaamuliwaje?

Wazo lenyewe ni jepesi: mpira uliokuwa unaelekea kwenye vijiti umezuiwa na mwili wa mpigaji badala ya bati. Ugumu uko kwenye masharti. Mpira ukitua nje ya mstari wa vijiti kwa upande wa miguu yake, si auti, hata kama ungeng'oa vijiti vyote vitatu. Ukimgonga nje ya mstari kwa upande wa pili huku anajaribu kuupiga kweli, si auti. Ukigusa bati kwanza, si auti. Ukivuka vizingiti vyote hivyo ndipo linakuja swali la mwisho, je, ungegonga vijiti? Hilo halina jibu la kuonekana kwa macho, kwa kuwa mpira haukufika huko. Mwamuzi anakadiria, na kompyuta nayo inakadiria, ila kwa kamera nyingi zaidi.

Shabiki anayekumbuka sharti la mpira kutua upande wa miguu ameshaepuka nusu ya ubishi.

Fainali ya Kombe la Dunia la 2019: ni kweli Uingereza ilipewa mkimbio (yaani pointi) wa bure?

Ndiyo, kwa jinsi sheria ilivyoandikwa. Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu bado linaharibu urafiki.

Ilikuwa Lord's, London, tarehe 14 Julai 2019. New Zealand ilikuwa imepata mikimbio 241. Ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, Uingereza ilihitaji 15, mrushaji Trent Boult, mpigaji Ben Stokes. Mipira miwili ya kwanza haikuzaa kitu, wa tatu Stokes akaupiga sita. Zikabaki tisa kwa mipira mitatu. Mpira wa nne akaupiga upande wa Martin Guptill, wakakimbia, wakageuka kutafuta mkimbio wa pili. Guptill akaurusha mpira kuelekea vijiti. Stokes akajirusha chini kuuwahi mstari, mpira ukagonga bati lake na kuchepuka hadi nje ya mpaka. Stokes alikuwa bado magotini huku ameinua mikono kuomba radhi, maana hakukusudia. Mwamuzi Kumar Dharmasena akashauriana na mwenzake Marais Erasmus, kisha akatoa sita: miwili ya kukimbia na minne ya mpaka.

Sasa sheria. Kifungu cha 19.8 kinasema mpira ukienda mpakani kwa sababu ya kutupwa ovyo na mdakaji, wapigaji wanapata minne hiyo, mikimbio waliyokamilisha, na ule unaoendelea iwapo tu walikuwa wameshapishana wakati wa kutupa. Picha zinaonyesha kwamba Guptill alipoachia mpira, Stokes na Adil Rashid walikuwa hawajapishana kwenye mkimbio wa pili. Kwa hiyo ilipaswa kuwa mitano. Simon Taufel, aliyekuwa mwamuzi bora wa mwaka mara tano, alisema wazi kwamba lilikuwa kosa. Dharmasena mwenyewe alipoyaona marudio alikubali kwamba hakuamua sawasawa, akaongeza kwamba uwanjani hawakuwa na marudio hayo na kwamba hataujutia uamuzi ule.

Watu husahau jambo la pili. Ingekuwa mitano, aliyetakiwa kupiga mpira uliofuata ni Rashid, si Stokes. Uingereza ingehitaji minne kwa mipira miwili huku Stokes amesimama upande wa pili akiangalia.

Basi New Zealand iliibiwa kombe?

Mimi nasema hapana, na ninaipenda New Zealand ile. Kuibiwa kunahitaji mwizi. Kulikuwa na waamuzi waliofuatilia mambo matatu kwa mpigo: mtupaji yuko wapi, wakimbiaji wako wapi, mpira unakwenda wapi. Kosa lilitokea, lakini hakuna anayejua mipira miwili ya mwisho ingekwendaje. Rashid huenda angepiga nne. Huenda angetoka mpira uleule.

Kama unataka kulia na jambo, lilie lile la Ross Taylor wa New Zealand. Katika mechi hiyohiyo Erasmus alimtoa kwa LBW akiwa na mikimbio 15, na marudio yakaonyesha mpira ungepita juu ya vijiti. Taylor hakuweza kukata rufaa, yaani kuomba uamuzi ukaguliwe kwa picha, kwa sababu Guptill alikuwa ameshaitumia nafasi pekee ya timu mapema, bila mafanikio. Hilo halitajwi sana, kwa kuwa halikutokea kwenye ova ya mwisho.

Na kama unataka kulaumu kanuni, ilaumu ile ya mipaka. Timu zilifungana 241 kwa 241, zikafungana tena kwenye supa ova (ova moja ya ziada kwa kila timu), 15 kwa 15, na Uingereza ikapewa ubingwa kwa kuwa ilipiga mipira mingi zaidi ya mpakani, 26 kwa 17. Waamuzi hawakuwa na la kufanya hapo, kanuni ilikuwepo kabla ya mashindano. Ilifutwa Oktoba mwaka huohuo.

Hii "kauli ya mwamuzi" kwenye marudio, kwa nini mpira uleule unaweza kuwa auti au usiwe?

Tubaki kwenye fainali ileile. Mpira wa kwanza kabisa wa Uingereza, Boult alimgonga Jason Roy kwenye pedi. Erasmus akakataa. New Zealand ikakata rufaa, na kompyuta ikaonyesha mpira ungegusa kijiti, lakini kwa sehemu ndogo. Uamuzi ukabaki ulivyo, na hiyo ndiyo "kauli ya mwamuzi". Kama Erasmus angekuwa ameinua kidole, picha ileile ingemtoa Roy kwenye mpira wa kwanza.

Watu wanaona huo ni uonevu. Mimi naona ni ukweli kuhusu mashine. Kamera zimeuona mpira hadi ulipogonga pedi, kuanzia hapo ni makadirio, na makadirio yana kosa lake dogo. Ndiyo maana uamuzi wa kukataa hautenguliwi mpaka angalau nusu ya mpira iwe inagonga eneo la vijiti. Pakiwa na shaka, anasikilizwa yule aliyesimama pale. Eneo hilo limewahi kupanuliwa, 2016 kwa upana na 2021 kwa urefu, na tangu 2017 timu haipotezi nafasi yake ya rufaa ikiangukia hapo. Ninachokubaliana na wanaolalamika ni kwamba kwenye skrini haielezwi vizuri. Shabiki anaona mpira mwekundu umegusa kijiti halafu anaambiwa si auti, lazima akasirike.

Rufaa za DRS, hizo za kukagua uamuzi kwa picha, zilianzaje?

Zilianza majaribio Julai 2008, Sri Lanka ilipoikaribisha India, na zikazinduliwa rasmi Novemba 2009 huko Dunedin, New Zealand ilipocheza na Pakistan. Lakini ukimuuliza shabiki yeyote wa India kwa nini zilihitajika, atakutajia Sydney.

Januari 2008, Australia dhidi ya India. Australia imeanza vibaya, wiketi sita zimeanguka, yaani wapigaji sita wametolewa, kwa mikimbio 134. Andrew Symonds ana 30, anaugusa kwa bati mpira wa Ishant Sharma, mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya vijiti) anaudaka, mlio unasikika hadi kwa watazamaji wa televisheni. Mwamuzi Steve Bucknor wa Jamaika anatikisa kichwa kukataa. Symonds akaendelea hadi 162 bila kutolewa, na baadaye akakiri mwenyewe kwamba aliugusa. Siku ya mwisho, India ikijaribu kuponea sare, Rahul Dravid akatolewa kwa kudakwa wakati mpira ulikuwa umegonga pedi, bati likiwa mbali. Kisha Sourav Ganguly akapiga mpira uliodakwa chini sana na Michael Clarke. Mwamuzi Mark Benson alimuuliza nahodha wa Australia, Ricky Ponting, naye akainua kidole. Australia ikashinda kwa mikimbio 122, dakika chache kabla ya muda kwisha.

Bucknor, aliyesimamia fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia kuanzia 1992 hadi 2007, akaondolewa kwenye mechi iliyofuata ya Perth na Billy Bowden akapelekwa badala yake. Naliona hilo lilikuwa kosa zaidi ya yale ya uwanjani. Lilifundisha kila bodi tajiri kwamba ukipiga kelele za kutosha, mwamuzi anabadilishwa. Dawa sahihi ilikuwa kumpa msaada wa picha ambazo sisi sote tulikuwa tunaziona na yeye hazioni.

Mbona India hiyohiyo ndiyo iliyokataa DRS?

Jaribio lile la Sri Lanka liliiendea vibaya, na bodi yake haikuamini makadirio ya njia ya mpira. Ikakubali kuijaribu 2016, Uingereza ilipokwenda kucheza Rajkot, India, na sasa inaitumia kama wengine.

Mwamuzi akikosea na timu haina rufaa tena, lawama ni za nani?

Za wote wawili, ila shabiki husema nusu tu. Headingley, Agosti 2019, Uingereza dhidi ya Australia: Uingereza inahitaji mikimbio miwili, imebaki wiketi moja. Nathan Lyon anamgonga Stokes kwenye pedi, mwamuzi Joel Wilson anakataa, na kompyuta inaonyesha mpira unakwenda kwenye vijiti. Australia haikuwa na rufaa. Kwa nini? Muda mfupi kabla ya hapo waliitumia ya mwisho kwa mpira wa Pat Cummins uliomgonga Jack Leach, mpira uliotua nje kwa upande wa miguu. Ni lile sharti la LBW nililolieleza juu. Tena mpira mmoja tu kabla ya huo wa Stokes, Lyon alishindwa kuudaka mpira ambao ungemtoa Leach kwa kukimbia. Stokes alimaliza na 135, Uingereza ikashinda kwa wiketi moja.

Wilson alikosea. Waliosimama uwanjani wakitupa rufaa kwa matumaini nao walikosea, na walikuwa na sekunde 15 za kufikiri, yeye hakuwa nazo.

Mpigaji anayejua kwamba ameugusa mpira aondoke mwenyewe?

Sheria haimlazimishi. Adam Gilchrist wa Australia aliondoka mwenyewe nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003 dhidi ya Sri Lanka, ingawa mwamuzi alikuwa hajamtoa. Stuart Broad wa Uingereza hakuondoka Trent Bridge mwaka 2013 dhidi ya Australia: mpira uliligusa bati lake, ukamgonga mlinda wiketi na kuishia mikononi mwa Clarke, mwamuzi Aleem Dar akakataa, Australia haina rufaa, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 14. Namheshimu Gilchrist. Broad simwiti mwizi, mradi siku akitolewa kimakosa asifungue mdomo. Asiyemsaidia mwamuzi kusema kweli hana haki ya kumdai ukamilifu.

Jonny Bairstow wa Uingereza alionewa Lord's mwaka 2023 dhidi ya Australia?

Hakuonewa. Aliinama kuukwepa mpira wa Cameron Green, ukaingia mikononi mwa mlinda wiketi Alex Carey, kisha Bairstow akatoka kwenye mstari wake akidhani ova imekwisha. Carey aliutupa mpira papo hapo, ukavigonga vijiti Bairstow akiwa nje ya mstari. Mpira unahesabiwa umekufa pale pande zote mbili zinapoacha kuuchezea, na Carey hakuwa ameacha, alitupa mara tu alipoudaka. Mwamuzi wa tatu alikuwa na jibu moja tu.

Swali la uungwana ni jingine, na hilo halikuwa la waamuzi bali la nahodha, Pat Cummins, ambaye angeweza kuliondoa ombi la kumtoa Bairstow. Stokes alisema yeye asingependa kushinda hivyo. Mawaziri wakuu wa nchi zote mbili wakaingilia. Klabu ya MCC, wenye uwanja wa Lord's, ikawasimamisha wanachama watatu kwa jinsi walivyowafanyia wachezaji wa Australia ndani ya jumba lao. Mambo yote hayo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeonyesha kifungu kilichovunjwa.

Na Angelo Mathews wa Sri Lanka aliyetolewa kwa kuchelewa?

Delhi, 6 Novemba 2023, Sri Lanka dhidi ya Bangladesh. Kanuni za mashindano zilitaka mpigaji mpya awe tayari ndani ya dakika mbili. Mkanda wa kofia ya Mathews ulikatika, akaomba nyingine, nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, akaomba atolewe, na waamuzi wakamwuliza kama kweli anataka. Alitaka. Kabla yake hakuna aliyekuwa amewahi kutolewa hivyo kwenye kriketi ya kimataifa. Mathews alitoa video kuonyesha alifika kabla ya muda kwisha. Mwamuzi wa nne, Adrian Holdstock, alieleza kwamba kufika si kuwa tayari, na kwamba muda ulikuwa umepita kabla mkanda haujakatika. Kisheria waamuzi walikuwa sawa. Moyo wangu uko na Mathews, lakini moyo wangu si kifungu.

Kwa nini waamuzi hutoka nchi nyingine?

Zamani kila mwenyeji aliweka wa kwake, na mgeni alilala na shaka. Mwaka 1986, Pakistan chini ya Imran Khan ilileta waamuzi wawili wa India, Ramaswamy na Reporter, kusimamia mechi dhidi ya West Indies mjini Lahore, ili mtu asiseme ilibebwa. Mwaka uliofuata, Faisalabad, nahodha wa Uingereza Mike Gatting na mwamuzi Shakoor Rana walinyoosheana vidole na siku nzima ya mchezo ikapotea. Kwa mechi za Testi (zile za kimataifa za siku tano), mwamuzi mmoja wa nje akawa lazima kuanzia 1994, wote wawili kuanzia 2002. Korona ilirudisha waamuzi wa nyumbani kwa muda mwaka 2020, na timu zikaongezewa rufaa moja.

Kwetu Nairobi, Dar au Kampala hakuna DRS. Tufanyeje?

Chezeni kwa kulifuata neno la mwamuzi. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 wakati hakukuwa na rufaa kwa yeyote, na Uganda iliyacheza maelfu ya mipira ya aina hiyo kabla ya kukutana na mashine kwenye Kombe la Dunia la T20 (mechi fupi za ova 20) la 2024. Kwenye mechi za klabu mara nyingi anayesimama ni mchezaji wa timu inayopiga, na hapo shaka huwa kubwa zaidi. Ushauri wangu ni mmoja: nahodha azungumze na waamuzi kabla ya mechi, si baada ya wiketi. Mkubaliane mdakaji akisema mpira uligusa chini, neno lake linachukuliwa. Na asiyekuwa nahodha asimwendee mwamuzi kabisa. Ukitaka kumsaidia kweli, jitolee kusimama wewe Jumamosi moja, jua likiwa kali, ujaribu kuamua LBW ya mpira unaopinda.

Matokeo yanaweza kubadilishwa baada ya mechi?

Uamuzi wa uwanjani mwamuzi anaweza kuubadilisha mwenyewe akifanya hivyo mara moja. Baada ya mechi kwisha, karibu haiwezekani, na mara moja walipojaribu waliharibu. Agosti 2006, uwanja wa The Oval, Darrell Hair na Billy Doctrove waliamua kwamba Pakistan imeuharibu mpira makusudi, wakaipa Uingereza mikimbio mitano. Baada ya mapumziko ya chai timu ya Inzamam-ul-Haq ikagoma kutoka, na waamuzi wakaondoa vijiti vidogo vya juu: Pakistan imepoteza mechi. Kikao cha baadaye kilimwondolea Inzamam shtaka la mpira, kikamfungia mechi nne kwa kuudhalilisha mchezo. Julai 2008 ICC, baraza la kriketi la dunia, ikageuza matokeo kuwa sare. Februari 2009 ikayarudisha tena, na kwenye rekodi za leo Uingereza ndiyo iliyoshinda.